Nani Ampishe Nani Kwenye Boya?

Maswali ya wasomaji kuhusu mbio za tanga

Barua za toleo hili karibu zote zimegongana kwenye boya. Tumezijibu kwa Kanuni za Mbio za Tanga za shirika la World Sailing, toleo la 2025–2028, lililoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025. Kwanza tukubaliane maneno, maana nusu ya ugomvi wa majini ni watu wawili kutumia neno moja kwa mambo mawili. Chombo kina upepo wa kulia pale upepo unapoingilia ubavu wake wa kulia na tanga likalala kushoto. Kinyume chake ni upepo wa kushoto. Joshini ni upande unakotoka upepo, demani ni upande unakokwenda. Kwenda joshi ni kuukabili upepo hadi pale tanga linapokaribia kupwaya. Omo ni mbele ya chombo, tezi ni nyuma yake. Kubisha ni kugeuza kwa omo, yaani omo ipite katikati ya upepo; ile njia nyingine, tezi ikipita katikati ya upepo, tunaiita kugeuza kwa tezi. Boya la juu liko upande wa upepo, boya la chini liko kule tunakoteremkia. Katika majibu yote boya linaachwa kushoto, isipokuwa tukisema vingine.

Tulikuwa tunaliteremkia boya la chini. Mimi nina upepo wa kulia, mwenzangu ana wa kushoto, yeye ndani mimi nje, tuko ubavu kwa ubavu. Nikapiga kelele "Kulia!", naye akajibu "Nafasi!" Sote ni wa ILCA, kile chombo kidogo cha mtu mmoja. Nani alikuwa na haki?
*Msomaji, Tanga*

Wewe ulikuwa na haki ya njia, yeye alikuwa na nafasi ya boya. Ni vitu viwili, na anayevichanganya ndiye anayemaliza siku akizunguka mizunguko ya adhabu.

Haki ya njia ni habari ya nani amwepuke nani. Upepo wa kushoto humpisha upepo wa kulia (Kanuni ya 10). Wenye upepo mmoja walio ubavu kwa ubavu, wa joshini humpisha wa demani (Kanuni ya 11). Wenye upepo mmoja wasio ubavu kwa ubavu, wa nyuma humpisha wa mbele (Kanuni ya 12). Hizi hazizimiki mkifika kwenye boya. Kinachoongezeka juu yake ni Kanuni ya 18: ikiwa mko ubavu kwa ubavu wakati wa kwanza wenu anapogusa duara la boya (urefu wa chombo mara tatu kulizunguka boya), aliye nje ampe wa ndani nafasi, hata kama wa nje ndiye mwenye haki ya njia. Kwa hiyo "Kulia!" yako ilikuwa ya kweli na haikukufaa kitu. Ukimbana, yeye atakuwa amevunja Kanuni ya 10, lakini Kanuni ya 43 inamsamehe palepale kwa kuwa alikuwa ndani ya nafasi anayoistahili. Wewe utakuwa umevunja ya 18, na hapo hakuna wa kukusamehe.

Tunadhani mlichogombania hasa ni upana wa nafasi hiyo. Nafasi ya boya ni ile ya kulifikia boya, kulizunguka kwa upande unaotakiwa na kuliacha nyuma, kwa kadiri chombo kinavyohitaji katika hali ya siku hiyo, nahodha akikiendesha kwa wepesi na kwa ubaharia wa kawaida. Ule mzunguko mtamu wa kuingia kwa upana na kutoka ukiwa umelikaribia boya haumo ndani yake. Huo ni wa yule wa ndani ambaye pia ana haki ya njia.

Sasa ni nani huyo? Boya la chini likiachwa kushoto, kila mtu hutoka pale akiwa na upepo wa kushoto. Mkilijia nyote na upepo wa kushoto, wa ndani ndiye aliye joshini. Ana nafasi, hana haki ya njia, basi aende moja kwa moja, karibu kabisa na boya. Mkilijia nyote na upepo wa kulia, wa ndani ndiye aliye demani. Ana vyote viwili. Lakini huyu lazima ageuze kwa tezi ili afuate njia yake, kwa hiyo Kanuni ya 18.4 inamfunga: mpaka ageuze, asiende mbali na boya kuliko njia ambayo angeifuata kama wenzake wasingekuwepo. Anaruhusiwa kuingia kwa upana, haruhusiwi kumburuza mwenzake kuelekea bahari kuu. Kwenye lango la maboya mawili hata kifungo hicho hakipo, na ndiyo maana magomvi ya langoni huwa na sura nyingine kabisa. Mwenzako wa Tanga alikuwa na upepo wa kushoto dhidi ya wako wa kulia: nafasi anayo, haki ya njia hana, na hakuhitaji kugeuza. Njia yake ilikuwa ya mkato tu.

Upana wenyewe unapimika. Yeye ana upepo wa kushoto, kwa hiyo tanga lake limefunguka kulia, upande wako. Wewe una wa kulia, tanga lako limefunguka kushoto, upande wake. Mti wa chini wa tanga la ILCA ukiwa umefunguliwa wote unatoka karibu mita 2 nje ya ubavu. Mkienda sambamba, omo kwa omo, mbavu zenu zinahitaji mita 4 hivi ili miti hiyo isigongane. Halafu akianza kupanda kulizunguka boya, omo yake inaenda kushoto na tezi yake inafagia kulia, kwako. Wengi wa nje hutoa nafasi ya kutosha wakati wa kuingia, kisha wanaanza kubana mapema, na usukani wa mwenzao unawakuta hapo. Subiri mpaka tezi yake ilipite boya ndipo ukaze tanga.

Ninafundisha watoto kwenye Optimist. Wanajua "urefu mara tatu" kwa mdomo, lakini wakiwa majini kila mmoja ana duara lake. Tunalipimaje? Na nani yuko ubavuni na nani yuko nyuma?
*Kocha, Dar es Salaam*

Duara ni eneo lote linalolizunguka boya kwa umbali wa urefu wa chombo mara tatu, na urefu unaohesabiwa ni wa kile kilicho karibu zaidi na boya. Optimist ina mita 2.3, duara lake ni mita 7 hivi. ILCA ina mita 4.2, duara mita 12.6. Kwa 470, chombo cha watu wawili, ni mita 14.1. (Kwenye mbio za chombo kimoja dhidi ya kimoja duara ni mara mbili tu, na kwa vyombo vidogo vya kuendeshwa kwa rimoti ni mara nne.) Chombo kimeingia pale sehemu yoyote ya bodi lake inapogusa duara, na kwa kawaida sehemu hiyo ni ncha ya omo.

Kwa mazoezi, weka madumu matatu matupu ya lita 5 kulizunguka boya, kila moja mita 7 kutoka katikati, kila moja na nanga yake: mfuko wa mchanga wa kilo 2 unatosha maji yakiwa mafu. Msiunganishe madumu na boya kwa kamba inayoelea. Usukani wa kwanza utakaopita utaibeba. Baada ya siku tatu nne yaondoe, uone kama macho ya watoto yamelishika lile umbo.

Hata wakilijua, wataliona kwa kuchelewa. Optimist ikienda maili 3 za bahari kwa saa inamaliza mita 7 kwa sekunde nne na nusu. ILCA ikienda maili 5 inamaliza mita 12.6 kwa sekunde 5. Mtoto anayeanza kutazama nyuma akiwa ndani ya duara amekwisha kuchelewa. Mfundishe kutazama akiwa kwenye urefu mara sita na aseme kwa sauti anachokiona: "uko nyuma" au "uko ubavuni". Kanuni haimlazimishi kusema, ila mwenzake akisikia mapema hujipanga mapema, na wa tatu anayesikia huwa shahidi.

Kujua nani yuko ubavuni, chora akilini mstari unaokata chombo cha mbele kwa pembe mraba, ukipita sehemu yake ya nyuma kabisa. Usukani wa Optimist umening'inia nje ya tezi, basi mstari unapita nyuma ya usukani, si nyuma ya bodi. Aliye nyuma ya mstari huo wote yuko nyuma kabisa, na mwenzake yuko mbele kabisa. Omo ikishavuka mstari, hata kwa upana wa kiganja, wako ubavuni. Na wapo ubavuni pia kama kuna chombo katikati yao kilicho ubavuni mwa wote wawili. Hii ndiyo inayowapata watoto: sita wamejipanga kama ngazi, wa nje kabisa hajui kwamba amefungwa na wa ndani kabisa ambaye hata hamwoni vizuri. Wa nje huyo anadaiwa nafasi ya wote. Afadhali alegeze tanga, apoteze urefu mmoja au miwili, ajipange nyuma yao na atoke karibu na boya, kuliko kuzunguka nje ya watu watano na kutoka mita 15 demani.

Jambo moja makocha wengi hawalisemi. Mstari ule umefungwa kwenye chombo, kwa hiyo chombo kikigeuka nao unageuka. Mtoto aliye mbele kabisa, akiwa bado nje ya duara, akapindisha omo ili ajiandae kuzunguka, mstari wake unazunguka kama mkono wa saa na unaweza kumfagia aliye nyuma na kumweka ubavuni bila yule wa nyuma kufanya lolote. Ashike njia yake iliyonyooka mpaka omo iguse duara. Baada ya hapo ageuke atakavyo: kama aliingia duara akiwa mbele kabisa, wa nyuma anadaiwa kumpa nafasi mpaka mwisho hata akiingia ubavuni dakika ya mwisho.

Na mkishindwa kukubaliana? Kanuni inasema kukiwa na shaka ya kweli kama mtu aliingia ubavuni kwa wakati, ihesabiwe kuwa hakuingia. Kukiwa na shaka kama aliyekuwa ubavuni alitoka, ihesabiwe kuwa hakutoka. Hali ya mwisho iliyojulikana kwa uhakika ndiyo inayobaki.

Kwenye boya la juu nilikuja na upepo wa kushoto, nikabisha mbele ya msururu wa watu wenye upepo wa kulia, nikalipata boya bila kugusa mtu. Bado nikawekewa pingamizi. Kosa langu ni lipi?
*Msomaji, Naivasha*

Barua yako haisemi yule wa nyuma yako alifanya nini, na jibu lote liko hapo.

Mlipokuwa mnaelekea boya, wewe na upepo wa kushoto yeye na wa kulia, Kanuni ya 18 haikuwepo kati yenu kabisa, kwa kuwa haihusu vyombo vyenye pepo tofauti vinavyopanda dhidi ya upepo. Hukuwa na nafasi ya kudai. Ulitakiwa kumpisha, basi. Ulipobisha, tangu omo ilipovuka upepo mpaka ulipofika kwenye mwelekeo wa kwenda joshi, ulitakiwa kumwepuka kila mtu (Kanuni ya 13). Kisha, ukiwa tayari na upepo wa kulia na uko mbele yake, umepata haki ya njia. Lakini umeipata kwa kitendo chako mwenyewe, kwa hiyo mwanzoni umpe nafasi ya kukuepuka (Kanuni ya 15).

Hayo ni ya popote baharini. Ndani ya duara la boya linaloachwa kushoto kuna kitanzi cha ziada, Kanuni ya 18.3. Ikiwa ulibisha kutoka upepo wa kushoto kwenda wa kulia ukiwa ndani ya duara, na baada ya kubisha unaweza kulipita boya bila kubisha tena, basi yule aliyekuwa na upepo wa kulia tangu alipoingia duara ana vitu viwili dhidi yako. Usimlazimishe kupanda zaidi ya joshi ili asikuguse. Na akikuingilia ubavuni kwa ndani, mpe nafasi ya boya. Kutogusana hakukuokoi. Kama alipandisha omo, tanga lake la mbele likapiga mabawa, ndipo akakukosa, wewe umevunja kanuni na unadaiwa mizunguko miwili ya adhabu.

Inaharibika hivi mara nyingi. Mtu anafika urefu mara mbili kutoka kwenye boya, anaona pengo katika msururu, anabisha humo. Baada ya kubisha mwendo wake umekufa. ILCA ikitoka kwenye kubisha inahitaji sekunde kadhaa kurudisha kasi, na yule wa nyuma anakuja na kasi yake yote. Wa nyuma hana pa kwenda ila joshini. Au mbishaji anagundua amebisha chini kidogo, boya halimfikii, anaanza kupandisha omo alipite kwa kuteleza. Akimpandisha na mwenzake zaidi ya joshi, ni kosa lilelile. Na omo yake ikivuka upepo, amerudi kwenye upepo wa kushoto na hana haki yoyote.

Bisha nje ya duara. Kwa ILCA hiyo ni mita 13 na zaidi. Sisi tungesema urefu mara tano, ili uwe umemaliza kubisha na kasi imerudi kabla omo haijagusa duara. Ukishindwa kupata pengo hapo, teremka kidogo, pita nyuma ya tezi ya mwenye upepo wa kulia, ubishe joshini kwake. Utapoteza chombo kimoja au viwili. Mizunguko miwili kwenye boya la juu, katikati ya msururu, hupoteza kumi.

Kitanzi hiki ni cha maboya yanayoachwa kushoto peke yake, tangu toleo la 2017. Kwa boya la juu linaloachwa kulia hakipo, na wanaojua hilo hulipanda boya hilo kwa ujasiri mwingine.

Maji yalikuwa ya bamvu (maji makubwa), mkondo unakwenda kuelekea boya. Wa nje aliniachia nafasi ndogo, mkondo ukanisukuma, nikaligusa. Nizunguke mimi au azunguke yeye?
*Msomaji, Mombasa*

Nafasi hupimwa kwa hali iliyopo, na mkondo ni sehemu ya hali. Mkondo wa maili 1 ya bahari kwa saa unakusukuma nusu mita kila sekunde; mzunguko wa sekunde 10 ni mita 5. Kwa hiyo wa nje anayetoa nafasi ile ile anayoitoa maji yakiwa mafu hajatoa nafasi. Kama ulistahili nafasi, na yeye ndiye aliyekubana mpaka ukagusa, umesamehewa kuligusa boya na yeye anadaiwa mizunguko miwili. Mwekee pingamizi palepale, maana bila pingamizi hakuna atakayeangalia jambo hilo.

Kama alikuachia nafasi ya kutosha na wewe ndiye uliyekadiria mkondo vibaya, zunguka mzunguko mmoja: kubisha mara moja, kugeuza kwa tezi mara moja. Ondoka kwanza kwenye njia ya wenzako, kisha zunguka mara moja. Na kama katika tukio lilelile umegusa boya na pia umemnyima mtu haki yake, mizunguko miwili inatosha kwa yote. Ukijeruhi mtu au ukivunja chombo vibaya, mizunguko haitoshi, acha mbio.

Kugusa ni kugusa kwa chochote: bodi, tanga, kamba ya tanga, mkono wako. Kamba ya nanga ya boya si sehemu ya boya, kwa hiyo ubao wa katikati ukiikwaruza haujagusa. Lakini maji ya bamvu huivuta kamba hiyo ikalala mlalo upande unakotoka mkondo, na ubao ukinasa hapo utalivuta boya lote mpaka kwenye ubavu wako. Hapo umegusa. Ukipita upande huo wa boya, acha urefu mzima wa chombo kati yako nalo.

Kwenye mstari wa kuanzia, mtu wa ndani karibu na boti ya waamuzi anaweza kudai nafasi?
*Msomaji, Kisumu*

Hawezi. Kwenye alama za mstari wa kuanzia zenye maji ya kupitika pande zote, Kanuni ya 18 haifanyi kazi tangu mnapozielekea ili kuanza mpaka mtakapozipita. Aliye demani anaweza kumfungia mlango wa joshini, mradi akigeuza njia ampe nafasi ya kumwepuka. Anayejipenyeza hapo amejipenyeza kwa hatari yake. Kwenye mstari wa kumalizia ni kinyume: nafasi ya boya ipo kama kawaida.

Je, pingamizi likisemwa kwa Kiswahili linahesabika? Na lazima kweli mtu apige kelele "Nafasi!"?
*Msomaji, Bagamoyo*

La pili kwanza: hapana. Kanuni ya 18 haidai mtu aombe nafasi, na kuomba hakumpi asiyestahili. Wanaopiga kelele zaidi kwenye boya la chini mara nyingi ni wale walioingia ubavuni wakiwa tayari ndani ya duara.

Kelele zinazodaiwa na kanuni ni chache. Moja ni ya kuomba nafasi ya kubisha unapokwenda joshi na mbele yako kuna kizuizi, mathalani mwamba au ukuta wa gati: unamwita mwenzako, naye abishe au akujibu kuwa ubishe wewe, kisha akupishe. Nyingine ni ya pingamizi. Kanuni zinaruhusu lugha isiyo Kiingereza, mradi ni jambo la busara kutegemea kwamba vyombo vyote vinavyohusika vitaielewa. Neno la Kiingereza "Protest" linakubalika siku zote. Kwenye mbio ambazo kila mtu ni wa pwani, "Pingamizi!" linatosha. Kama yumo hata mgeni mmoja kati ya wanaohusika, sema "Protest". Wala usitumie "Nitakushitaki" au matusi; kamati itataka kusikia neno lenyewe.

Liseme mara ya kwanza inapowezekana, si baada ya boya linalofuata. Chombo cha mita 6 na zaidi lazima kipandishe pia bendera nyekundu papo hapo, kwa hiyo bendera ikae karibu na mkono, si ndani ya mfuko chini ya koti. Optimist na ILCA hazidaiwi bendera. Nchi kavu, andika pingamizi ndani ya muda: kama maelekezo ya mbio hayasemi vingine, ni saa mbili tangu chombo cha mwisho kumaliza. Chora picha. Onyesha upepo, boya, na mahali pa kila chombo kwenye urefu mara nne, mara tatu na kwenye boya lenyewe. Kamati inayokosa picha ya urefu mara tatu haina cha kuamua nacho, na itarudi kwenye ile hali ya mwisho iliyojulikana kwa uhakika.

Sisi tunashindana kwa ngalawa na madau. Kanuni hizi zinatufaa?
*Msomaji, Lamu*

Sehemu yake. Kanuni ya 10 na ya 11 zinaweza kuchukuliwa kama zilivyo. Hata sheria za kimataifa za kuzuia kugongana baharini za mwaka 1972 zinasema hivyohivyo: wenye pepo tofauti, wa kushoto humpisha wa kulia, na wenye upepo mmoja, wa joshini humpisha wa demani. Duara la urefu mara tatu nalo linafaa. Pale penye ngalawa ya mita 5 na dau la mita 8 kwenye mbio moja, kumbukeni kinachohesabiwa ni urefu wa aliye karibu na boya: mita 15 kama ni ngalawa, 24 kama ni dau.

Shida iko kwenye kugeuza. Kanuni zile zinafikiria chombo kinachobisha kwa omo kwa sekunde chache. Tanga lenu lina foromali, ule mti unaolibeba tanga, na wengi hugeuza kwa tezi huku mabaharia wakiihamishia foromali upande wa pili wa mlingoti. Mwenye kazi hiyo mkononi anateremka mita nyingi na hawezi kumpisha mtu yeyote katikati ya kazi. Kwa hiyo kwenye kikao cha manahodha kabla ya mbio, kubalianeni mambo matatu na myaandike: boya linaachwa upande gani, kwamba anayehamisha foromali aachwe amalize, ila asianze ndani ya duara kama mwenzake yuko ubavuni, na kwamba mrengu wa ngalawa, ule mti wa kando unaoizuia isipinduke, unahesabiwa kama sehemu ya chombo, katika kugusa boya na katika kupima nani yuko ubavuni. Mrengu ndio unaofika kwenye boya kwanza, na ndio unaovunjika kwanza.

Wavuvi hawamo kwenye mbio zenu, kwa hiyo Kanuni ya 18 haiwahusu. Dau la mvuvi likipita kati yako na boya, kinachotumika ni zile sheria za 1972, na mwenye nyavu au mishipi majini inayomzuia kugeuka hupishwa na chombo cha tanga. Likilipita boya wakati mnaliteremkia, achia kamba ya tanga, umngoje apite.